Taa Yenye Chungu na Mwiko

Tulikuwa wanne ndani ya jip, na ninawataja wote hapa mwanzo ili baadaye asitokee mmoja kusema hakuwepo. Kwenye usukani alikuwa Papa Katembo, mtu wa Butembo mwenye duka la chumvi na sabuni pale Walikale, Mkatoliki wa kufanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha injini na tena kabla ya kuizima. Kando yake nilikaa mimi, Faida, kwa sababu nilidai kwamba nikikaa nyuma natapika, jambo ambalo si kweli. Nyuma alikaa mdogo wangu Furaha, amepakata sufuria kubwa ya zawadi, pamoja na Papa Ramazani, fundi cherehani aliyekuwa anarudi kwake Walikale baada ya kununua vitambaa Goma. Nyuma yao kabisa ilipangwa mizigo hadi darini: magunia ya chumvi, katoni za sabuni, gunia langu la sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, kutoka Shasha, na juu ya yote kiti cha marehemu baba, kiti kifupi cha mbao chenye miguu mitatu.

Tulikuwa tunakwenda kupokea mahari ya mdogo wetu wa mwisho, Neema, mwalimu wa shule ya msingi, aliyependwa na kijana wa Walikale. Vita vilituchukulia baba na mama nikiwa darasa la tano. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kalamu niliiweka chini nikashika beseni la sambaza, na nimelishika hadi leo. Baba mdogo wa Kibabi, ambaye miaka yote hiyo hakuuliza hata siku moja tunakula nini, aliposikia kuna mbuzi wanakuja, akakumbuka kwamba yeye ni ndugu wa marehemu. Akatangulia kwa pikipiki ili akae yeye mahali pa mzazi.

Siku ya mahari msichana huulizwa mbele ya watu wote: vitu hivi tuvipokee, au tuvirudishe? Asipojibu, hakuna ndoa. Neema alinitumia ujumbe kwamba hatafungua mdomo mpaka anione nimekaa kwenye kiti cha baba. Kikao kilipangwa Jumamosi asubuhi. Sisi tulitoka Goma Alhamisi. Kwa hiyo mkisoma habari za taa, Jumamosi msiisahau, kama mimi nilivyokuwa karibu kuisahau.

Kutoka Goma hadi kilima cha Sake

Jip ilikuwa imetoka Dubai mwezi huohuo. Viti vilikuwa bado na nailoni yake na Papa Katembo hakutaka itolewe, kwa hiyo kila kona tuliteleza huku na huku kama samaki kwenye karai. Harufu ya sambaza ilipoanza kupanda, alishusha kioo, akatazama mbele, akasema kwa upole:

"Dada Faida, ulisema gunia iko kavu."

"Iko kavu, Papa."

"Basi kavu ya namna gani hii."

Tulipita Sake salama. Tulipoanza kupanda kilima cha kwenda Mushaki, ukungu umeshuka mpaka barabarani na baridi inaingia kwa miguu, ndipo kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa. Nilikuwa wa kwanza kuiona. Nilijivunia hilo kwa muda wa dakika kumi.

"Papa Katembo, kuko kitu inawaka pale."

"Wapi?"

"Pale mbele yako. Ni chungu. Ndani yake kuko mwiko umesimama."

Akainama, akaangalia. Kweli lilikuwa umbo la chungu, chini pana, juu wazi, na katikati kijiti kilichosimama wima na nukta chini yake. Mtu yeyote aliyewahi kusonga bugali angesema ni mwiko.

"Na maana yake nini?" akauliza.

Mimi sijamaliza shule, lakini nimelea wadogo wanne, na mtu aliyelea wadogo wanne hazoei kusema sijui. Nikasema: "Chungu na mwiko ni kupika. Kuko kitu inachemka. Injini imepata moto."

Tukasimama. Papa Katembo akafungua boneti, mimi nikamimina maji mahali pa maji, maji yakakataa kuingia kwa sababu yalikuwa yamejaa. Yakanimwagikia miguuni. Mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia kabisa. Nikaeleza kwamba mshale ule umezoea joto la Dubai, huku kwetu hauwezi kuaminika.

"Yaya," Furaha akasema kutoka nyuma, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "labda gari inasikia njaa. Uipikie."

Papa Katembo akatoa kitabu cha gari. Nilikifungua, nikaona maneno yameanzia mwisho, nikasema kimechapwa vibaya. Papa Ramazani akakichukua mkononi mwangu bila kunicheka, akakigeuza. Kilikuwa cha Kiarabu. Yeye alisoma Kurani utotoni, akatafuta ukurasa wenye picha ya chungu, akasafisha koo na kutusomea kwa sauti nzuri sana, mstari baada ya mstari. Papa Katembo alivua kofia. Alipomaliza tukauliza inasema nini.

"Mimi najua kusoma tu," akasema. "Kuelewa, hapana. Lakini hakuna hata neno moja la moto ndani."

Mushaki, jibini na kwado

Kando ya soko la Mushaki kulikuwa na kwado, ndivyo tunavyowaita kwetu mafundi wa kuziba matairi. Alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, koti zito mwilini, anakula kiazi. Papa Katembo akamwita aje aangalie injini inayochemka. Kwado akaweka kichwa dirishani, akaangalia dashibodi, akatazama kiazi chake, akarudi kuangalia dashibodi.

"Nani alisema ni injini?"

Furaha alinionyesha kwa kidole.

"Mama, ile haiko chungu. Ile ni mupira. Ni sawa vile umeikata katikati na kisu, unaiona kwa mbele: hii ni tumbo yake, hapa chini njo inakanyaga udongo. Na kale ka alama katikati kanasema, angalia, hewa imepunguka."

Nikauliza gari linajuaje, maana halina mkono wa kupapasa. Akaeleza kwamba magari ya sasa yana kifaa kidogo ndani ya kila gurudumu, chini ya vali, kinachopima hewa na kutuma habari hadi kwenye dashibodi bila waya. "Ni ka radio," akasema. Neno hilo nililishika kama mtu anayeshika noti iliyookotwa.

Akatufundisha pia kwamba hewa haipimwi gurudumu likiwa moto kutoka njiani, kwa sababu joto linaivimbisha na kipimo kinadanganya. Asubuhi ya baridi hewa inajikunja, na taa nyingi huwaka hapo, kama yetu ilivyowaka kwenye ukungu. Basi tukasubiri magurudumu yapoe. Tulikula viazi vya kuchemsha na jibini ya Masisi iliyokatwa vipande vinene, tukanywa chai ya maziwa, na Papa Ramazani akapima kwa macho makoti ya watu wote waliopita akisema ni nani aliyewadhulumu kitambaa. Saa moja ikaenda, na nyingine ikafuata.

Kwado akaja na manometa yake, kipimo chembamba kama kalamu. Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva, ambayo sote tuliigusa mara mia bila kuiona: mbili na robo, mbele na nyuma. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limepungua kidogo, akaliongeza. Mengine matatu yalikuwa sawa. Kisha akauliza:

"Na ya sekur?"

Sekur ni gurudumu la akiba. Lilikuwa chini kabisa nyuma, na juu yake magunia yote ya chumvi, sabuni, sambaza na kiti cha baba.

Papa Katembo aliinuka kwenda kupakua. Mimi ndiye niliyemzuia. Nakumbuka maneno yangu vizuri kwa sababu Furaha ameyarudia mara nyingi kuliko sala ya chakula. Nilisema: "Ile imelala, haikanyage chini, haina kitu ya kusema. Tuko na Jumamosi."

Kwado akafuta mikono kwenye koti lake. "Basi," akasema. "Mukitembea kidogo, itazima yenyewe. Isipozima, mutafute kwenye hamukutafuta."

Papa Katembo akamwomba amuuzie ile manometa, na ndilo jambo la pekee la busara lililofanywa na yeyote kati yetu siku hiyo.

Masisi, plasta

Taa haikuzima. Haikuzima kwenye malisho, ng'ombe walipotuzuia barabarani huku mchungaji wao akitusalimia kwa utaratibu kama hakuna haraka duniani. Haikuzima kwenye matope, tuliposhuka kusukuma na kiatu changu cha kushoto kikabaki chini milele. Tulifika Masisi-centre jioni, tukalala kwa binamu wa Papa Katembo, na asubuhi ya Ijumaa tulipowasha, chungu kilikuwa kinatungoja.

Papa Katembo alianza kuugua kwa ajili yake. Alikuwa akiendesha jicho moja njiani na lingine pale. Kila kilomita alisimama, akapapasa magurudumu manne, akapima, yakawa sawa, akarudi na uso wa mtu aliyeambiwa ana ugonjwa usio na jina. Kwa mwendo huo tungefika Jumatatu. Ndipo nikatoa plasta kwenye mfuko wangu, ile ya kubandika kidonda, nikakata kipande nikabandika juu ya taa.

"Sasa imepona," nikasema.

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Sake, akakanyaga mafuta, na tukafika Nyabiondo kabla ya saa nne. Nilijiona mtu mwenye akili. Ninaomba muiweke moyoni hiyo plasta.

Kijiji cha kizuizi

Kati ya Nyabiondo na Kashebere kuna kijiji ambacho jina lake sitaliandika, kwa faida ya watu wake. Siku zile mti wa mwanzi ulikuwa umelazwa barabarani na watu wenye silaha wamekaa kando yake. Walikuwa wa upande gani, hilo nalo sitaliandika. Ilitosha kwamba wiki ile kila upande ulikuwa unamtafuta mtu anayepeleka habari za njia kwa upande mwingine. Simu zilichukuliwa zote na kuwekwa ndani ya kikapu. Mkubwa wao, waliyemwita Komanda, alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la mvua na sauti ndogo. Alizunguka jip polepole, akaingiza mkono dirishani, na ukucha wake ukakuta plasta.

Aliibandua. Taa ikamwangaza.

"Munaficha nini huku?"

"Taa, Komanda," Papa Katembo akasema.

"Muntu anafichaka taa?"

Hapo palihitajika mtu wa kunyamaza. Papa Ramazani alinyamaza. Furaha alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Mimi nikakumbuka elimu yangu ya Mushaki.

"Komanda, ni kitu ya kawaida tu," nikasema. "Ndani ya kila mupira kuko ka radio kadogo. Mupira ikipungukiwa, inatuma habari."

Wale waliokuwa wamekaa wakasimama.

"Radio," akasema Komanda.

"Kadogo."

"Inatuma habari kwa nani?"

"Kwa gari."

"Na gari inatuma kwa nani?"

Kwado hakuwa amenieleza kama gari nalo lina mtu wake. Nikasema kweli: "Pale sijafika."

Nilimsikia Papa Katembo akianza Salamu Maria. Komanda aliinama, akaweka sikio kwenye gurudumu la mbele, akakaa hivyo muda mrefu, naye hakuwa anafanya mzaha hata kidogo. Nilitazama mikono yangu. Nilifikiri: nimewalea hawa watoto miaka yote kwa samaki, nimewavusha kila kitu, halafu namwua Furaha kwa kujifanya najua.

Akainuka. "Mutoe pumzi ndani ya mapira yote. Muntu akikosa pumzi haongee."

Wakatoa. Gurudumu la kwanza likapiga mluzi mrefu, la pili, la tatu, la nne, na jip ikashuka taratibu kama ng'ombe anayelala. Komanda akauliza la tano. Tukapakua chumvi, tukapakua sabuni, sambaza, kiti cha baba kikawekwa chini ya mti, mpaka sekur ikatoka. Mtu wake akabonyeza vali.

Hakuna sauti. Akabonyeza tena.

"Hii haina kitu," akasema. "Ilikufa zamani."

Ndugu zangu, hapo nilielewa. Ile imelala, haina kitu ya kusema. Kumbe tangu Mushaki ndiyo iliyokuwa inasema peke yake. Furaha akanitazama, na sikumwona akicheka.

Komanda alirudi dirishani. Taa ilikuwa inawaka kama kawaida.

"Bado iko naongea."

"Inaongea juu ina njaa ya hewa," nikasema, na safari hii nilisema polepole. "Komanda, utujaribu. Tukijaza yote tano na taa ikizima, utajua nilisema kweli. Isipozima, mimi njo niko muongo."

Akafikiri. "Ikizima, munapita. Isipozima, gari inabakia, na ninyi munarudi na miguu kule mulitoka."

Kurudi Masisi kwa miguu ilikuwa ni kumpa baba mdogo kiti. Nikakubali. Ndipo Papa Katembo akanivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini tutajaza na nini. Jip ya Dubai ilikuwa na kila kitu, hata mahali pa kuweka miwani, lakini pampu haikuwa nayo.

Ng'ambo ya kizuizi walikuwa wamezuiwa watu wengine pia. Mmoja wao alikuwa mtu mrefu mwenye kovu kwenye kidevu, anasukuma kinga, ndiyo baiskeli, iliyobeba madumu manne ya mawese. Alikuwa anayatoa kwenye misitu ya Walikale na kuyapandisha hadi Masisi. Aliitwa Papa Mateso, na kijiji kile ndiko kwao.

"Pampu niko nayo," akasema. "Lakini ni ya kinga. Haijaonaka mupira ya motokari."

Akaifungua kwenye baiskeli. Ilikuwa pampu ya kusimamisha chini, ya chuma, mpini wake umeng'aa kwa mikono. Mdomo wake ulikuwa mwembamba kwa vali yetu, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani mpaka ukashika. Akavuta mara mia, akapisha. Papa Katembo akavuta, kisha mimi. Gurudumu la baiskeli likijaa, la gari linakuwa halijaanza hata kufikiri. Malengelenge yalinitoka kwenye gurudumu la pili. Papa Ramazani alisimama kama yuko kwenye cherehani yake, mgongo umenyooka, akawa ndiye anayedumu kuliko sisi wote. Kwenye gurudumu la tatu wale wenye silaha walichoka kututazama tukiaibika. Mmoja aliegemeza bunduki mtini akasema sisi hatuna mikono. Mwenzake akasema yeye pia hana. Wakaanza kushindana. Komanda mwenyewe alivuta mara hamsini, akavua koti la mvua, akavuta nyingine hamsini.

Furaha aliwasha moto. Akaosha sufuria ya Neema, akatia sambaza, na Papa Mateso akafungua dumu lake moja na kumimina mawese bila kuulizwa. Mama mmoja wa pale akaleta ndizi, mwingine unga wa muhogo. Tulikula pamoja, sisi na waliotuzuia, kutoka sufuria ya bibi harusi ambayo sasa ilikuwa nyeusi chini. Komanda, ambaye Furaha alikuwa amemsimulia habari za chungu changu, alipomwona anasonga bugali, alisimama na kipande cha ndizi mkononi, akaenda hadi dirishani, akaangalia taa, akarudi akaangalia sufuria.

"Kweli inafanana," akasema.

Lilipobaki gurudumu la tano, jua lilikuwa limeshaanza kuegemea. Papa Mateso alilijaza mwenyewe. Manometa ilisoma mbili. Alivuta tena, na tena, na ilipofika pale karatasi ya mlangoni inapotaka, pampu ikatoa sauti kavu. Mpini ukaja mkononi mwake mzima, umepinda, na ngozi ya ndani ya pampu imechanika. Alifunika sekur kifuniko cha vali kwanza. Kisha akaangalia ndani ya bomba la pampu kwa jicho moja, kama mtu anayetazama kisima.

Mtu wa kinga anayebeba mawese akikosa pampu, anasukuma rimu kwenye mawe hadi Masisi. Nililijua hilo, na yeye alijua ninalijua.

"Papa Mateso," nikasema, "nitakuletea ingine mupya. Nikirudi, siku nane."

"Nyumba yangu njo ile yenye mulango ya bluu," akasema. "Nitakungoja. Sasa muende, mudogo wenu asikae kwa aibu."

Lakini taa ilikuwa bado inawaka. Kwado alisema ni lazima kutembea kidogo. Komanda akakubali tutembee, Papa Katembo, mimi na mtu wake mmoja mwenye bunduki katikati ya magoti. Papa Ramazani alibaki na mizigo, na Furaha akabaki rehani. Alikalishwa kwenye kiti cha baba, karibu na Komanda.

Tulipita nyumba ya mwisho, taa inawaka. Tukapita shamba la mihogo, inawaka. Tukavuka daraja la magogo.

"Turudi," akasema mtu wa bunduki.

"Kidogo tu," Papa Katembo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nilikuwa siangalii barabara. Nilikuwa naangalia chungu kile na mwiko wake, nikimwona Furaha kwenye kile kiti. Kisha hakikuwepo. Hakikuzima kwa kelele wala kwa kupepesa. Kilikuwa pale, halafu dashibodi ikawa nyeusi. Mtu wa bunduki aligonga kioo kwa ukucha, mara mbili, kukiita. Hakikurudi.

Komanda aliinama dirishani akangoja dakika nzima. Kisha akarudisha kikapu cha simu.

"Mupite," akasema. "Na wewe, mama, siku ingine usifundishe bantu."

Walikale

Tulilala njiani, tukafika Walikale Jumamosi alasiri, wakati kikao kilitakiwa kuwa kimekwisha tangu asubuhi. Kilikuwa hakijaanza. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekula sombe, majani ya muhogo, shambani kwa jirani na kesi yake ilikuwa inaendelea pembeni. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mahali pa mzazi, suti nyeusi mwilini, amevimba. Neema alikuwa amejifungia chumbani tangu alfajiri na kusema kichwa kinamuuma.

Niliingia na kiatu kimoja na kandambili moja ya kuazima, mikono myeusi hadi viwiko, ninanuka sambaza, kiti cha baba kwapani. Nilikiweka chini mbele ya baba mdogo nikakaa. Alinitazama, akatazama kile kiti alichokijua, kwa sababu alikulia nacho. Akasogeza plastiki yake nyuma kidogo.

Wakamwita Neema. Akatoka, akanitafuta kwa macho, akaona mikono yangu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na walipomuuliza kama tupokee, alisema "Mupokee" kabla hawajamaliza swali. Mzee wa upande wa pili, mwindaji wa msituni mwenye ndevu nyeupe, alitaka kujua kwanza kwa nini familia ya msichana imechelewa. Nilifungua mdomo nieleze habari za radio ndani ya magurudumu.

"Yaya," Furaha akasema, "sema njia ilikuwa mbaya."

Nikasema njia ilikuwa mbaya.

Kurudi

Pampu niliitafuta Walikale yote kabla ya kurudi. Niliipata kwa mtu wa vipuri karibu na soko, ya chuma, ya kusimama chini, kama ile. Papa Ramazani aliishonea mfuko wa kitambaa chenye maua na hakutaka shukrani. Nilisafiri nimeipakata, mbele, kwa sababu nikikaa nyuma natapika.

Siku ya nane tulifika kwenye kile kijiji. Mti wa kizuizi ulikuwa umelala kando ya barabara na hakukuwa na mtu wa kuuinua wala wa kuushusha. Mvua ilikuwa imezima majivu mahali tulipopikia. Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa kwa kamba, kwa mafundo ya mtu aliyefunga akiwa na muda wa kufunga, na kwa hilo nilishukuru. Niligonga hata hivyo. Nikaita jina lake. Papa Katembo, ambaye hakuwahi kuzima injini mahali kama pale, aliizima akanisubiri. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mzigo kichwani alisema walikimbia usiku wa siku ya tatu, wengine kuelekea msituni, wengine Masisi, wengine Sake. Baiskeli hakuiona.

Sikuiacha pampu pale mlangoni. Ingechukuliwa na mtu mwingine, na nilikuwa nimeahidi kumpa yeye.

Tangu nirudi nimeuliza kwenye kambi za Sake, nimeuliza kwa wasukuma kinga wa Mushaki, na kwado wa pale ameahidi kutazama kila kidevu kinachopita. Alinicheka kwanza, kwa ajili ya sekur, kisha akaahidi. Jip ya Papa Katembo inakwenda vizuri. Kila asubuhi ya baridi anapima magurudumu manne, halafu anashusha mzigo na kupima la tano.

Nanyi mliotaka kujua yaliyotupata, mnaopita njia ile mara nyingi kuliko mimi: mkimwona mtu mrefu mwenye kovu kwenye kidevu, anasukuma mawese, muulizeni kama aliwahi kumkopesha pampu mwanamke aliyesema magurudumu yanaongea. Akikubali, mwambieni iko kwangu, kwenye mfuko wa maua, chini ya kitanda. Ni mpya bado. Kila Jumamosi naitoa na kuivuta mara tatu, ngozi yake ya ndani isikauke.